Girona kwa baiskeli: Llémena, Els Àngels, reli ya zamani au Rocacorba, uende upande gani ukitaka barabara tulivu

Ukimtajia mtu wa baiskeli jina la Girona, wengi watakwambia Rocacorba halafu basi, maongezi yameisha. Mlima upo kweli na ntauongelea, ila kama kinachokupeleka kule ni utulivu, yaani lami nyembamba, mashamba huku na huku, gari moja moja linapita, kengele ya kanisa la kijiji unaisikia kabla hujakiona kijiji chenyewe, basi Rocacorba sio jibu la kwanza na wala sio la pili. Kuna watu wanatoka Ujerumani, Uholanzi, wengine mpaka Dubai, wanakodi baiskeli ya kaboni kwa bei ya kuumiza, wanazunguka sehemu zile zile zinazosifiwa kwenye Strava, ile app ya kurekodi mazoezi, halafu wanarudi wanasema Girona imejaa watu. Imejaa pale ulipoenda, ndugu yangu.

Kwa ambaye hajui, Girona ni mji wa kale wa Catalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania, kama kilomita 100 kutoka Barcelona. Kuta za zamani bado zimesimama na unatembea juu yake, mtaa wa Wayahudi wa zama za kati bado una vichochoro vyake vya mawe, na kanisa kuu lina ukumbi wa karibu mita 23 upana, ndio mpana kuliko makanisa yote ya Kigothiki duniani. Waendesha baiskeli wa kulipwa walianza kuhamia hapa mwishoni mwa miaka ya 1990, Wamarekani ndio waliotangulia, George Hincapie na baadae Lance Armstrong, na wakafuatwa na wengine mpaka leo. Sababu sio ushirikina wala nini. Mji ni mdogo, ukikanyaga pedali dakika kumi umeshatoka, na ukitoka una kila kitu: mashariki vilima vya Gavarres na nyuma yake tambarare ya Empordà, magharibi mabonde yanayopanda kuelekea nchi ya volkano za Garrotxa, kaskazini ziwa la Banyoles, kusini mashariki bahari.

Kwa hiyo swali ni unataka upande gani, maana hizi pande hazifanani hata kidogo.

Herufi kwenye kibao

Kitu kimoja kabla sijaanza kulinganisha, kitakusaidia kuliko ushauri wangu wote. Barabara za mkoa wa Girona zinasomeka kwa herufi. Zinazoanza na C ni kubwa, C-66, C-65, C-63, hizo zina malori na watu wanaowahi kazini. N-II usiiguse kabisa. GI ni za kati. GIV ndio vibarabara vya kuunganisha vijiji, na hapo ndipo kimya kinapoishi. Ukiwa umepotea na simu imekata chaji, fuata kibao kilichoandikwa GIV na mara nyingi utakuwa salama. Kikomo cha mwendo kwenye barabara za kawaida nje ya mji Hispania ni 90 kwa saa toka 2019, na kwenye C watu wanakitumia chote, wakati kwenye GIV nyingi kona zenyewe hazimruhusu mtu.

Halafu madereva wa kule, niseme ukweli, ni wastaarabu. Sheria inataka gari likupite kwa umbali wa mita 1.5 angalau, na barabara ikiwa na njia mbili za upande mmoja lihame njia nzima. Nyie mnaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba. Kuna gari litakaa nyuma yako kwenye mpando bila hata kupiga honi mpaka uone aibu mwenyewe. Kwa aliyezoea kusukumwa nje ya lami na basi la abiria hiyo peke yake inatosha kukata tiketi.

Els Àngels na vijiji vya Empordà

Huu ndio upande ambao wageni wengi wanaanza nao, na sio vibaya. Unatoka mjini moja kwa moja kwa GIV-6703, unaanza kupanda karibu mara tu nyumba zinapoisha, kilomita kumi hivi za mwinuko wa taratibu, wastani wa asilimia 4, mpaka kwenye kanisa dogo la Els Àngels karibu mita 500 juu. Gia ndogo, maongezi yanaendelea, hakuna anayekufa. Pale juu ndipo mchoraji Salvador Dalí alipofunga ndoa ya kanisani na Gala mwaka 1958, na hali ya hewa ikiwa safi unaona upande mmoja milima ya Pirenei, upande mwingine bahari.

Msitu unaopita ndani yake ni wa mialoni ya koki. Magome yake ndio vizibo vya chupa, na yanabanduliwa kiangazi, mti ukishabanduliwa unabaki na shina jekundu la kutu kutoka chini mpaka usawa wa matawi, na juu ya hapo gome la zamani la kijivu limeachwa limekunjamana, unaweza kudhani mti umevuliwa suruali. Inachukua zaidi ya miaka kumi gome kurudi unene wa kuvunwa tena. Ukipita asubuhi jua likiwa chini zile shina nyekundu zinawaka, mie sijachoka kuziangalia.

Ukishuka upande wa pili unaingia Madremanya, na hapo ndipo utamu unapoanza. Monells na uwanja wake wenye matao ya mawe, Cruïlles, La Bisbal ambako mtaa mzima unauza vyungu na sahani za udongo, Peratallada yenye handaki lililochongwa kwenye mwamba kuzunguka kijiji, Ullastret kwenye magofu ya mji wa Waiberia waliokuwepo kabla ya Warumi, Pals na mashamba yake ya mpunga. Ndiyo, mpunga, Hispania, usishangae. Karibu na Flaçà kuna Púbol, ngome ndogo aliyonunua Dalí kwa ajili ya Gala mwishoni mwa miaka ya 1960, na ndiko alikozikwa Gala mwaka 1982. Vijiji viko karibu karibu, kilomita nne, tano, saba, hivyo hata ukichoka hauko mbali na kiti na kahawa.

Ubaya wake? Magari ni machache ila baiskeli ni nyingi. Jumapili asubuhi Els Àngels ni msafara, vikundi vya wenyeji vinakupita kwa "bon dia", yaani habari za asubuhi, na kasi ya kukuvunja moyo, na pikipiki nazo zinapenda zile kona. Ukitaka upande huu uwe kimya nenda Jumanne au Jumatano. Tatizo la pili ni kurudi: njia ya mkato ya kurudi Girona kutoka La Bisbal ni C-66, na C-66 ni jehanamu ya malori. Ama urudi kwa kupanda tena Els Àngels kutokea Madremanya, ama ufanye kama wanavyofanya wajanja, unamalizia Flaçà unapanda treni.

Bonde la Llémena

Sasa huku ndiko nnakompeleka mtu akiniambia anataka kimya cha kweli. Unatoka Girona kuelekea magharibi, unafika Sant Gregori kama kilomita tano tu, halafu unaingia GI-531 inayofuata kijito cha Llémena kupanda juu polepole: Llorà, Sant Esteve de Llémena, unapita eneo la Sant Aniol de Finestres kunakotoka yale maji ya chupa yenye gesi unayoyaona mahotelini, halafu barabara inapanda kwa kona kona msituni na kushukia Les Planes d'Hostoles.

Utauliza mbona hii ni GI sio GIV na bado nasema ni tulivu. Sababu ni rahisi na ndiyo inayonifanya niiamini. Gari linalotoka Girona kwenda Olot lina njia mbili bora, C-63 inayopitia Anglès na Amer, au ile ya Banyoles na Besalú. Hakuna dereva mwenye haraka atakayechagua Llémena. Kwa hiyo wanaobaki kwenye ile barabara ni wakazi wa bonde, trekta, gari la mkate, na wewe. Utulivu wa Els Àngels unategemea siku. Huu wa Llémena unategemea ramani, na ramani haibadiliki Jumapili.

Mandhari sio ya postikadi kama Empordà, nakubali. Hakuna vijiji vya kupiga picha kila baada ya kilomita tano. Kuna malisho, ng'ombe, nyumba kubwa za mawe za wakulima zimejitenga kila moja na shamba lake, msitu mzito kwenye kuta za bonde, na vilima ambavyo ukiambiwa ndio unagundua ni volkano za zamani. Puig d'Adri, pembeni kidogo kule Canet d'Adri, ni mojawapo. Mpando ni wa muda mrefu lakini mpole, kilomita nyingi za mwanzo hata hujui kama unapanda, unashangaa tu kwanini mwendo wako uko chini leo, na sehemu ya mwisho kabla ya kushukia Les Planes ndiyo inakukumbusha.

Kurudi kutoka Les Planes una chaguo zuri: unaiacha C-63 na magari yake, unashika njia ya reli ya zamani inayopita Amer na Anglès mpaka Girona, karibu yote inashuka. Duara zima ni kama kilomita 60 na kitu. Kwa mtu wa kawaida anayeendesha baiskeli wikiendi hiyo ni asubuhi moja na chakula cha mchana kimo ndani.

Ubaya: maduka. Hakuna. Yaani zipo sehemu mbili tatu za kula ila ukute siku yake ya kufunga utajuta, na vijijini kule karibu kila baa ina siku yake ya kufunga katika wiki. Jaza chupa mbili Sant Gregori, nunua na ndizi. Halafu majira ya vuli na baridi, wikiendi, kuna misako ya nguruwe mwitu, wanaweka vibao vya njano au vyeupe kando ya barabara kuonya. Kwenye lami hamna shida, ila usiingie njia za msituni siku hiyo na usivae kahawia.

Reli ya zamani

Kama hutaki gari hata moja, yaani una mtoto, au ndio umejifunza baiskeli ukubwani, au una mwenza ambaye hapendi kabisa haya mambo ila kakubali kwa upendo, hapa ndipo. Zamani Girona ilikuwa na treni ndogo za reli nyembamba, wenyeji wanaziita carrilet, na mbili ndio zinatuhusu hapa. Moja ilienda Sant Feliu de Guíxols baharini, ilianza 1892. Nyingine ilienda Olot, ilikamilika 1911. Zote mbili zilifungwa 1969, reli zikang'olewa, na njia ikageuzwa kuwa ya baiskeli na watembea kwa miguu.

Ya kwenda baharini ni kama kilomita 40, inapita Quart, Cassà de la Selva, Llagostera, Santa Cristina d'Aro. Inapanda kidogo sana mpaka Llagostera halafu inateleza kwenda chini mpaka harufu ya chumvi. Ya Olot ni ndefu zaidi, 50 na kitu, na inapanda kwelikweli kuelekea Coll d'en Bas mita 600 na kitu, ingawa kwa vile treni haziwezi milima mikali, mpando wenyewe umenyooshwa hauna makali. Wengi wanapeleka baiskeli Olot kwa gari kisha wanateremka hadi Girona, ni ujanja mzuri na hakuna atakayekucheka.

Lakini tuelewane, hii sio baiskeli ya barabarani. Ni udongo na mchanga ulioshindiliwa, sehemu nyingine lami, sehemu nyingine zinakatiza barabara na unasimama kuangalia. Tairi ya milimita 25 itapita kukiwa kukavu ila utatikiswa meno, weka 32 kwenda juu utafurahi. Na kimya chake ni cha aina nyingine, hamna injini lakini kuna watembea mbwa, watoto, wazee na fimbo zao, hasa karibu na mji. Kengele muhimu. Kasi sahau.

Kitu cha kuweka akilini ni kwamba Sant Feliu haina treni tena toka ile ya 1969. Ukifika baharini aidha unarudi kwa miguu yako mwenyewe, aidha unaikwepa nusu yake: unarudi mpaka Llagostera halafu unakata kwenda Caldes de Malavella, mji wa maji ya moto toka enzi za Warumi, na pale kuna stesheni.

Rocacorba na ziwa

Haya, mlima wenyewe. Uko upande wa Banyoles, kama kilomita 20 kaskazini mwa Girona. Ziwa ni zuri, mashindano ya kupiga makasia ya Olimpiki ya 1992 yalifanyika pale, na kulizunguka ni kilomita saba hivi. Mpando unaanzia nyuma ya ziwa, na mpaka kule juu kwenye minara ya mawasiliano ni kilomita 13 na ushee, mwanzo mwepesi, halafu kumi za mwisho zinakula nyama, sehemu zinafika asilimia 15. Juu ni mwisho wa barabara, kuna minara, kuna sehemu wanarukia na parashuti, unaona ziwa dogo kule chini, unapiga picha, unateremka ulikopandia.

Je ni tulivu? Magari karibu hamna, kweli, kwani nani aende huko. Ila watu wanaoenda pale wanaenda kupambana na saa. Kila mtu kainama, anahema, kompyuta ya baiskeli yake inalia. Hata ukitaka kwenda polepole utajikuta na wewe umeanza kuangalia sekunde. Na kushuka ni kwa breki mwanzo mwisho, lami nyembamba, kona zisizoona mbele, mtu anapanda katikati ya barabara kachoka hajielewi. Mie sioni raha hiyo. Ila kuna watu ndio raha yao na sitabishana nao, kama umekuja kujipima basi jipime, ni mlima halali kabisa. Kwenda Banyoles usitumie C-66, pita vijiji kama Palol de Revardit.

Barabara ya pwani ya Sant Feliu mpaka Tossa ntaisema kwa sentensi moja kwa kuwa wengi wanaiuliza: ni nzuri mno, kona juu ya bahari kilomita 20 na kitu, Novemba nenda, Agosti usithubutu.

Tukiziweka pamoja

Upepo. Watu wanausahau kwenye kuchagua halafu unawaharibia siku. Kuna upepo wa kaskazini unaitwa tramuntana, unatoka Pirenei na ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa, na tambarare ya Empordà ndio uwanja wake. Siku ya tramuntana Pals na Ullastret ni mateso, baiskeli inasukumwa pembeni hasa ukiwa na magurudumu yenye rimu ndefu. Siku hiyo hiyo ndani ya Llémena, kuta za bonde zinakukinga, majani juu yanapiga kelele wewe chini huna habari. Kwa hiyo angalia utabiri usiku, ukiona upepo wa kaskazini mkali, uamuzi umeshafanyika.

Joto. Julai na Agosti inapita 35 kirahisi. Llémena na Els Àngels zina kivuli cha miti, Empordà huna pa kujificha. Carrilet ya Olot nayo ina kivuli sehemu nyingi. Miezi mizuri ni Aprili mpaka Juni na Septemba mpaka Oktoba, isipokuwa ile wiki ya maua ya Temps de Flors mwezi Mei, mji unapambwa vizuri sana ila chumba hupati, na ukikipata utalipia.

Saa. Hii siri haina upande, inafanya kazi kote. Wenyeji wanakaa mezani kuanzia saa 7 na nusu mchana mpaka saa 9 na nusu, na hawakai kwa haraka. Masaa hayo hata C-66 inapungua. Kipindi cha baridi kidogo, Machi au Oktoba, ukila mapema na kuondoka wenzako ndio wanakaa, unapata nchi nzima peke yako. Julai usijaribu, utapikwa.

Chakula. Empordà inashinda bila ubishi, kila kijiji kina pa kukaa, mkate wa kupaka nyanya na mafuta ya zeituni, na Girona yenyewe ukirudi kuna xuixo, andazi la kukaangwa lililojazwa krimu, moja linatosha kulipia mpando wa Els Àngels. Kwa Waislamu, jua kwamba mkate wa baa za vijijini ukiacha waweke wanachotaka wao ni nguruwe, botifarra, fuet, pernil, zote hizo ni nguruwe. Agiza wa truita ambao ni mayai, wa formatge ambao ni jibini, au tonyina ambao ni jodari. Hawakasiriki, wanatengeneza kwa dakika mbili. Na kwenye mabomba ya maji vijijini soma kibao, "no potable" usinywe.

Breki na upande wa barabara. Hili ni la Watanzania, Wakenya na Waganda hasa, Warwanda na Wakongo mshazoea kulia. Hispania unaendesha kulia, sawa, hilo utalikumbuka asubuhi na kulisahau ukitoka kwenye kijiji baada ya kahawa, hapo ndipo watu wanajikuta upande usio wao, hivyo kila ukisimama jiulize kabla ya kukanyaga. Ila breki ndio mtego zaidi: baiskeli za kukodi kule breki ya mkono wa kushoto ndiyo ya gurudumu la mbele, na sie wengi tumezoea ya kulia ndiyo ya mbele. Kwenye mteremko wa Rocacorba hilo sio jambo la kugundulia njiani. Ukikodi waambie wabadilishe, duka likiwa la kueleweka watakubali, au kaa nusu saa mjini uizoeshe mikono. Kofia ngumu nje ya mji ni sheria, taa usiku ni sheria, na pombe inapimwa hata kwa wa baiskeli.

Sasa nani aende wapi

Kama ni mara yako ya kwanza Hispania na unataka picha, historia, chakula na vilima vya kiasi, Els Àngels na vijiji vyake, katikati ya wiki, siku isiyo na upepo. Usiende mbali mpaka Pals siku ya kwanza, Monells na Peratallada zinatosha.

Kama unaendesha mara kwa mara kwenu, una miguu, na umechoshwa na magari ya mjini unakoishi, Llémena, siku yoyote, na usimwambie kila mtu. Kama unakaa siku tatu nenda mara mbili, mara ya pili kinyume, upande kutokea Les Planes, ni barabara nyingine kabisa ukiitazama kutoka huko.

Familia, au mtu anayeogopa magari kwa sababu zake na hana haja ya kumueleza mtu, carrilet. Nusu ya kwenda Sant Feliu, mpaka Cassà au Llagostera, mle, mrudi.

Rocacorba kama una namba unaitafuta.

Na kama una siku moja tu, unatokea Barcelona asubuhi, fanya hivi. Panda treni ya kawaida R11 sio ile ya kasi, ya kasi ni dakika 40 lakini baiskeli lazima ifunguliwe na kuwekwa kwenye mfuko, hii ya kawaida ni zaidi ya saa moja ila unaingia nayo nzima nzima bila kulipa, kukiwa na nafasi, kwa hiyo wikiendi wahi ile ya mapema. Shuka Girona, kahawa, panda Els Àngels kabla jua halijakaza, teremkia Madremanya, zunguka vijiji mpaka tumbo liite, kula La Bisbal au Monells, halafu kwa vibarabara vya GIV upande wa Púbol malizia Flaçà. R11 hiyo hiyo inasimama pale, inarudi Barcelona kupitia Girona. Angalia tu ratiba kabla ya kuagiza kahawa ya pili, jioni hazipiti kwa kufuatana.